Kumtafuta Baba Ndani ya Kompyuta Ndogo

Baba alipofariki, Mama alihamia kwangu mtaani Langas na picha moja tu ya mumewe, ile ya kitambulisho. "Hapa anafanana na mtu aliyekamatwa na polisi," aliniambia. "Nitafutie moja anacheka." Nikadhani ni ombi dogo. Kumbe Baba ndiye alikuwa mpiga picha wetu. Simu yake ilijaa maelfu ya picha za Mama, ng'ombe, mahindi na harusi za watu, na yeye mwenyewe sikumwona humo.

Kulipia kila mwezi huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi na kuchambua picha sikutaka, mimi ni mbishi. Nikanunua kikompyuta cha bei nafuu, kidogo kama kipande cha sabuni, nikakiunganisha na diski kuukuu niliyohamishia picha zote za simu ya Baba, na kukiwekea programu ya kupanga picha. Programu hiyo hutambua sura na kuziweka pamoja, kila mtu na zake. Nikaionyesha kitambulisho cha Baba, nikaiambia itafute. Mashine yenye nguvu ingemaliza kwa saa chache. Hii yangu ilipata moto ikajikokota siku baada ya siku.

Sasa, huku kwetu msimu wa mvua, ngurumo huanza alasiri. Na Mama, kama akina mama wengi wa kwetu, akisikia radi hufunika vioo kwa leso na kuchomoa kila kitu kwenye stima. Siku ya nne nilitoka kazini nikakuta amekichomoa na kazi yote imeharibika, ianzwe upya.

Nikampigia kelele. Aki, nilimpigia kelele mama yangu! "Kwani radi itatoka mbinguni kutafuta hiki kidude?"

Alikunja leso yake polepole. Akasema, "Niliogopa itachoma picha zake."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Kesho yake nikapanga kikompyuta kifanye kazi asubuhi, kihifadhi kilipofikia, na kujizima chenyewe kabla ya mvua. Mama akawa mlinzi wake. Alikuwa ananipigia simu kazini: "Leo kimechoka, nimekifungulia dirisha." Haya, Mama.

Kilimaliza Jumamosi moja. Picha za Baba zilikuwa tisa, na katika nane amenuna. Ya tisa nilidhani mashine imekosea, maana nilimwona Mama peke yake mbele ya nyumba yetu kule kijijini Ziwa, ameshika jogoo, amekasirika kweli kweli. Nikaikuza. Kwenye kioo cha dirisha nyuma yake alikuwa Baba, ameshika simu kifuani, meno yote nje.

Nikamwita Mama. Alivaa miwani, akainama karibu na skrini.

"Huyo jogoo alinizungusha shamba zima," akasema. "Nikamuuliza baba yako, unanicheka? Akaapa hapana, hata kidogo." Akagusa kile kioo cha dirisha kwa kidole. "Ala! Mwongo huyu!"

Akacheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu mazishi.