Mtu wa Nne Garini

Majira yale ya baridi ya mwaka 1974, Ziwa Michigan lilipoganda hadi kwenye nguzo za gati, Gerrit Wiersma alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, dereva wa gari la zimamoto katika mji mdogo wa Harmsfield. Halmashauri ilikuwa imewapunguza watu wa gari kutoka wanne hadi watatu, na mazungumzo na chama cha wazimamoto yakakwama. Kugoma sheria iliwakataza. Kila upande ungeandika dai lake la mwisho, na msuluhishi angechagua karatasi moja kati ya mbili, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Gerrit, katibu wa chama, ndiye aliyeshika kalamu.

"Andika watu sita!" alinguruma Boomsma, mwenzake wa zamu, mdomo umejaa keki ya tufaha. "Wao watasema watatu, tutakutana katikati."

"Safari hii katikati hakuna, Boomsma. Huyu mama msuluhishi hagawi, anachagua."

"Basi watano, bwana! Au unamwogopa meya?"

"Namwogopa atakayesoma watano akacheka."

"Jamani, katibu wetu kalainika kama siagi!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Hata hivyo walipiga kura, na kwa tisa dhidi ya nane ikaandikwa: wanne.

Siku ya shauri, msuluhishi, Bi. Lindqvist, alifungua bahasha zote mbili. Halmashauri: watatu.

"Kwa nini wanne, Bwana Wiersma?"

"Mmoja yuko kwenye pampu, mama. Wawili wameingia ndani na bomba. Wakizidiwa na moshi, nani atawafuata?"

Bi. Lindqvist aliandika kwa muda mrefu.

Wiki tatu baadaye simu ililia kituoni. Boomsma aliidaka, akasikiliza, akaitupa ikaning'inia kwa waya wake.

"Wanne! Wametupatia wanne!" Akambeba Gerrit juu juu kuzunguka gari. "Ningeandika mimi, tungekuwa tunalia saa hizi!"

"Nishushe, mjinga wewe!" alipiga kelele Gerrit, akicheka hadi machozi.

Alitumikia kituo kile miaka ishirini na mitano zaidi. Mwandiko wake wa mwisho umo katika daftari la zamu, asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1999: aliorodhesha wazimamoto wa gari la kwanza, majina manne, akatia sahihi, akaenda nyumbani.