Tulivyoajiri mtu wa kutafuta wafadhili, tukampoteza Bi Somoe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadili.

Tuna taasisi ndogo Mchafukoge. Tumepanga ghorofa ya tatu, tunawahifadhi kina mama wa mikoani wanaokuja Dar kutibiwa saratani na hawana ndugu wa kufikia. Mimi ndiye msimamizi.

Mfadhili wetu mkubwa akajitoa. Mwenye nyumba akaleta barua ya kututoa. Bodi ikasema, ajiri mtu anayejua kutafuta hela.

Tukampata Meshack, katoka ofisi moja kubwa ya kule Posta, katikati ya jiji. CV imenyooka, Kiingereza kinateleza.

Kwenye interview nilimuuliza, "Utatuletea nini ndani ya miezi mitatu?"

Akajibu, "Dada, nipe wiki sita tu."

Nikafurahi. Aliyewahi kushika barua ya kutolewa kwenye nyumba, huku chumbani kuna wagonjwa wamelala, atanielewa.

Kati ya wagonjwa alikuwepo Bi Somoe, mama wa Newala. Mcheshi sana, yeye ndiye aliyewachekesha wenzake wakitoka kwenye mionzi. Watoto wake aliwaambia yuko Dar kumuuguza dada yake. Hakutaka wajue mgonjwa ni yeye.

Ofisini tulilijua hilo. Nililijua.

Meshack akampiga picha, akamwambia ni ya faili. Mtandio umevuliwa, kichwa hakina hata unywele, macho yamejaa machozi. Akaniletea niione kabla ya kuiweka mtandaoni.



Nikasema, "Rusha."

Michango ikamiminika. Wenye maduka Kariakoo walitutumia mchele na mafuta. Kodi ikalipwa. Bodi wakanipongeza, na mimi nikapokea pongezi.

Siku ya nne mtoto mkubwa wa Bi Somoe akampigia mama yake simu. Picha ilishafika Newala, iko kwenye group la WhatsApp la ukoo.

Nilikuwa mlangoni. Nilimsikia Bi Somoe akisema taratibu, "Ndiyo mimi, baba. Ndiyo mimi."

Kisha akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, kichwa hiki hata wanangu wa kuwazaa sijawaonyesha. Nyie mmewaonyesha watu wote."

Nikaomba msamaha. Akasema, "Haya."

Asubuhi iliyofuata akafunga mzigo wake akarudi kwao, mionzi hajafikisha hata nusu. Nilimpigia mara nyingi, hakupokea.

Picha tuliifuta. Meshack sikumfukuza, aliondoka mwenyewe baadaye. Ningemfukuzaje, wakati ruhusa nilitoa mimi?

Miezi michache mbele tukaletewa taarifa ya msiba wa Bi Somoe. Nilisafiri hadi Newala.

Binti yake alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunywa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ile picha watu bado wanatumiana. Huwezi kuitoa?"



Siku hizi anayeomba kazi ya kutafuta wafadhili kwetu anakaa kwanza na wagonjwa siku nzima. Ndipo namuuliza ni kitu gani hatakifanya hata kama tunafukuzwa kwenye nyumba. Wengi wanashangaa swali hilo. Nami najilaumu sikuanza kujiuliza mwenyewe.

Wenye taasisi ndogo humu, ninyi mnawapimaje watu hawa kabla ya kuwaajiri? Na mwenye neno la kunikosoa aseme tu, nitasoma yote.