Futari ya Shangazi Chini ya Jua la Norwei

Safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nimemaliza chuo, naishi Barking, London, kwa Shangazi Mwanaidi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubishana naye. Shangazi, mzaliwa wa Tanga na muuguzi mstaafu, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Kabla ya upasuaji aliweka nadhiri: akiona vizuri tena, atakwenda mahali pazuri kuliko pote alipowahi kupasikia, afunge huko siku moja ya shukrani. Jirani yetu Bi Zuhura, aliyepaswa kumsindikiza, akashikwa na mgongo. Nikaambiwa nifungashe makoti.

Jioni tulipanda meli ya kwenda Norwei bandarini Tilbury. Nilitazama ghorofa zake juu ya maji nikasema, "Hii si meli, ni yale maghorofa ya Thamesmead yanayoelea."

"Thamesmead gani yenye mazulia?" Shangazi akanijibu, huku tayari akiwasalimia wazee wa Kiingereza mmoja mmoja kama yuko harusini.

Baada ya bahari iliyotuyumbisha, tukaingia Norwei. Kuanzia Bergen meli ilipita katikati ya milima iliyosimama majini kama watu wanaonawa miguu, maporomoko yakishuka kila upande. Shangazi hakutaka hata kukaa.

"Ile nyeupe kule juu ni mbuzi?"

"Ni jiwe, Shangazi."

Jiwe likatembea. Alinicheka mpaka chakula cha mchana.

Asubuhi tulipokaribia Tromsø, mbali kaskazini, hakugusa chai.

"Nimefunga. Leo ndiyo leo."

"Lakini Shangazi, huku jua halizami! Kitabu cha meli kimeandika."

"Wewe tangu lini unaamini vitabu?"

Alipoona sicheki, akakunja uso. Tanga jua halijawahi kumchelewesha mtu, na hata London, kwa kuchelewa kwake kote, mwishowe huzama. Hakuwahi kufikiri kwamba magharibi inaweza isifike. Nadhiri si jambo la kuvunja njiani, na futari isiyo na wakati wake ingeiharibu.

Mjini tulipumzika kwenye mgahawa. Mwenyewe, mama mnene mwenye mashavu mekundu, alituletea keki. Shangazi akamweleza kwamba atakula jua likizama.

"Basi rudi mwishoni mwa Julai!" yule mama akaangua kicheko. "Sisi tunafunga mapazia, tunasema ni usiku."

"Ahsante, dada," Shangazi akasema. "Lakini Mungu nitamfungia pazia gani?"

Tukaenda kwenye kibanda cha simu kumpigia mume wa Bi Zuhura, ustadhi wa madrasa. Alisikiliza, akakohoa, akasema, "Mkadirie kwa mji wa karibu ambao jua lake linazama."

Hapo ningenyamaza. Lakini nikauliza, "Karibu kwa maili au kwa siku za safari? Na nani aliamua hivyo?"

"Usimjibu huyo, Ustadhi!" Shangazi akapiga kelele, akininyang'anya simu. Sarafu zikaisha. Honi ya meli ikatuita.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa sitahani, midomo imekauka, akilitazama jua kwa yale macho yake mapya. Nikamtafuta afisa wa meli, nikamwomba ramani na saa za machweo. Tukashuka kwa kidole bandari hadi bandari mpaka Trondheim, mji wa mwisho tulioupita ambako jua lilikuwa bado linazama. Akaniandikia saa.

Saa hiyo ilipofika, jua lilikuwa limekaa juu ya maji, jeupe, halina habari nasi. Nilimpelekea Shangazi tende na maji.

"Una hakika?"

Nilikuwa na maswali manne. Nikayameza.

"Nina hakika, Shangazi."

Akapiga bismillahi, akala. Akafumba macho, kisha akayafumbua taratibu. "Alhamdulillahi. Na lile pale ni mbuzi au jiwe?"

"Chochote utakachosema."

Tuliporudi Barking, Ustadhi alikuja kutupokea. Aliposikia habari ya Trondheim akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Hasa! Ndivyo nilivyokusudia." Nikafungua mdomo kumwuliza mbona hakuutaja mji tangu mwanzo, Shangazi akanikanyaga mguu.

Bado nabishana na kila mtu. Ila nimejifunza kwamba swali zuri haliozi likingoja mwenye njaa ale kwanza.