Diski ya Ramani za Nyangoto

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kupima ardhi, Tarime mjini, mkuu wa ofisi alinipekua begi kabla hajanisalimia. "Fundi wa kompyuta ni sawa na fundi wa kufuli, mura," alisema. "Anayejua kufungua anajua na kufunga." Sikukasirika. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, na kazi ya diski ilinizidishia.

Nyinyi vijana mmekuta mambo mepesi. Enzi zetu diski iligawanywa kwa mtindo wa MBR: vipande vikuu vinne tu, na mipaka yake yote imeandikwa sehemu moja, mwanzoni kabisa mwa diski. Sehemu hiyo ikiharibika, ni kama shamba lililong'olewa mkonge wa mpakani: mahindi yapo, lakini hujui ni ya nani. Mtindo wa leo, GPT, huweka nakala ya mipaka mwishoni pia. Hilo nalisifu. Ila UEFI, programu inayoamsha mashine mpya badala ya BIOS ya zamani, siiamini hadi leo. Siku hizi inadai saini kabla ya kuamka. Saini ya nani? Nani alimchagua?

Mashine yetu kuukuu ilipokufa, mkuu alinunua mpya, akahamishia humo diski ya zamani kwa mkono wake. Alipoiwasha, ikasema haioni mfumo wowote wa kuwaka nao. Kwenye diski hiyo ndimo zilimokuwa ramani za mashamba ya Nyangoto yaliyokuwa na ugomvi, na kaka zake Bhoke, karani wetu, walikuwa upande mmoja wa ugomvi huo.

"Umezifuta," mkuu akamwambia. "Kesho usije kazini."

"Haki ya Mungu bosi, sijagusa! Nizifute nipate nini?" Bhoke alilia kwa sauti. Nilimhurumia, ingawa hata mimi sikuwa na hakika naye.

Nikafungua mipangilio ya UEFI. Kumbe ilikuwa inatafuta diski za mtindo mpya tu. Yetu ya MBR ilikuwa inaipita kama haipo. Nikairuhusu ifuate njia ya zamani, nikawasha tena. Ramani zote zilikuwepo.

Nilitegemea shukrani. Mkuu akamtazama Bhoke, akanigeukia mimi. "Kumbe ni wewe," alisema. "Mganga anayefungua haraka hivyo ndiye aliyefunga."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Bhoke akabaki na kazi yake. Mimi nikahamishiwa tawi la Mugumu, mbali na ramani za watu. Iliniuma sana.

Huko Mugumu ndiko nilikostaafia. Bhoke alifunga safari kuja kuniaga, akaniletea na blanketi.

"Shikamoo, Mzee Chacha."

"Marahaba, mwanangu."

Akageuka kuangalia kama kuna anayetusikia, kisha akanisogelea. "Sasa umestaafu, hawawezi kukufanya kitu. Niambie mimi tu: zile ramani ulikuwa umezificha wapi?"