Maikrofoni Iliyosikia Kanga Mpya

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya pili ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Tarehe ya Kizungu siwezi kukupa, kwa kuwa wakati huo sikujua kuandika. Darasa la watu wazima niliingia miaka mitatu baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, na tangu hapo hakuna jambo langu lisilo na tarehe yake.

Tulitoka Mtoni wanawake watano, tumealikwa studio ya redio kurekodi wimbo wa harusi. Mtunzi wake alikuwa Bi Mwanaidi, somo yangu, aliyenifunda nilipokuwa mwari. Uzee ulikuwa umeipunguza sauti yake. Harusini aliimba, lakini waliokaa safu ya pili hawakumsikia. Kwa hiyo kuongoza nilipewa mimi, mwenye koo lililovuka barabara ya Kilwa, naye akawekwa nyuma kuitikia.

"Nataka wimbo wangu utoke leo," alituambia njiani, akipumzika kila baada ya hatua chache. "Mjini sirudi tena. Miguu imekataa."

Sisi wanne tulivaa sare ya kanga mpya, haijaguswa na maji, mikunjo ya dukani ingali imesimama. Ndivyo tulivyoiheshimu shughuli. Somo alikuja na kanga yake kuukuu, nami, Mungu anisamehe, nilimwambia ametutia aibu.

Fundi mitambo alikuwa Bwana Eliya, mtu wa bara, mpole wa maneno. Alifungua sanduku la mbao, akatoa maikrofoni nene kama muhindi, iliyofungwa kitambaa ili unyevu wa pwani usiiharibu. Aliponiona nimekodoa macho, aliniita karibu. Nyuma ya wavu wa waya niliona utando wa mviringo, mpana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, umepakwa dhahabu. Sijapata kuona kazi ya mikono iliyo nyororo kama ile.

"Ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu," alisema. "Nyuma yake pana kisahani cha chuma, na baina yao umetulia umeme. Sauti ikiutikisa utando, umeme nao hubadilika, na hayo mabadiliko ndiyo tunayoyarekodi."

"Chombo hiki kitanisikia vizuri?"

"Dada, hicho kinasikia hata ukimeza mate."

Tulipewa studio mpaka saa kumi, wakati wa taarifa ya habari. Tukaimba jaribio la kwanza. Bwana Eliya akatoka nyuma ya kioo chake, vidude vya kusikilizia vikimning'inia shingoni.

"Jamani, nani anakaanga samaki?"

Tukatazamana. Akatuomba tusogee kidogo, kisha akatuonyesha: zilikuwa kanga zetu. Kila tulipopumua, wanga wa dukani uliokaza kitambaa ulichakarika, na chombo kile kilisikia yote. "Halafu," akaongeza, "nyuma ya hao samaki kuna sauti moja nzuri sana. Ni ya nani?"

"Huyo anaitikia tu," nikajibu upesi. Akaniomba tuzisuuze kanga bombani, uani. Nikakataa. Nilisema sikutoka Mtoni nimependeza ili nirudi nimelowa kama niliyenyeshewa. Tutasimama bila kutikisika. Tukarudia mara tatu, na mara tatu samaki wakakaangwa. Saa ya ukutani ilifika tisa na nusu.

Somo akainuka kitini. "Mwanangu, umekuja kuimba au kuangaliwa? Chombo hiki hakina macho. Wimbo wangu unakufa hapa kwa ajili ya mikunjo ya dukani?"

Nikatangulia mlangoni. Tukatoka uani, tukazisuuza kanga zile palepale bombani, rangi ikituchuruzika mikononi. "Leo tumekuwa wari upya, tunaogeshwa na somo!" akacheka Bi Tatu, mwenzetu. Tukazikamua, tukajifunga zikiwa na maji, tukarudi ndani tukitetemeka. Zilikuwa kimya.

Muda ulibaki wa kurekodi mara moja tu. Nikamshika somo mkono, nikamsimamisha mbele ya ile dhahabu, nami nikaenda nyuma.

"Ongoza wewe, Somo."

"Sitasikika."

"Utasikika, mama," akasema Bwana Eliya. "Imba kama unavyombembeleza mtoto."

Akaimba. Fundi alipotuchezea utepe ulionasa sauti, nilimsikia somo yangu mzima kwa mara ya kwanza: mkwaruzo wa uzee, pumzi fupi kabla ya kumtaja bibi harusi, na tabasamu, naam, hata tabasamu lilisikika. Chombo kile hakikumwongezea kitu wala hakikumpunguzia. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akanong'ona, "Kumbe bado nipo."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, mume nimemzika, vyombo vingi vya ajabu nimeviona, na hakuna nilichokistahi kuliko kile, kwa kuwa kilimsikiliza mtu niliyeacha kumsikiliza. Basi nakuusia: usidhani mwenye kelele ndiye mwenye neno. Ukiambiwa kwamba pambo lako linaharibu kazi ya wenzako, livue siku hiyohiyo, usingoje kubembelezwa mara tatu. Na mzee aliyekufundisha, msogeze mbele angali hai.

Mola akujalie moyo mwepesi wa kusikia, akupe watu watakaokusikiliza sauti yako itakapopungua, na akukutanishe na kheri kila uendako. Amina.