Nukta ya Kalume

Siku ile, mwanangu Zuhura, naikumbuka kwa harufu. Bodi ya vifaa vya umeme ikiungua ina harufu yake kali, inakukaa puani mpaka jioni. Tulikuwa kwa mteja wetu kule Kiembeni, mama mmoja aliyetaka pampu ya kisima chake izime yenyewe tangi likijaa. Mimi na rafiki yangu Kalume tuliichora saketi yake kwenye kompyuta, tukaiunda, tukaifunga, tukawasha. Lo! Moshi. Yule mama akatutazama, akasema tu, "Haya, poleni wanangu." Heri angetutukana.

Tulikuwa vijana, tukifanya kazi kwa Fundi Shee, mzee aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni pale Changamwe. Tulikuwa tumepata programu ya kuchorea saketi, nayo ilikuja na alama zilizo tayari. Unaandika jina la transista, unabofya, alama yake inakaa kwenye mchoro, na miguu yake mitatu ishapewa namba. Raha iliyoje! Lakini sisi transista zetu hatukununua mpya. Tulizing'oa kwenye televisheni mbovu, na miguu yake haikupangika kama ilivyosema ile alama. Mguu waliouweka katikati wao, kwetu ulikuwa wa pembeni. Basi ndio ule moshi.

Mimi nilitaka tutafute alama nyingine mtandaoni, yaishe. Kalume hakutaka. Alikuwa Mgiriama wa Kisauni, mpole wa sauti, lakini akishaamua neno humtoi. "Nitazichora mwenyewe," akasema, "za vifaa hivi hivi tunavyovitumia sisi." Na kweli akaanza. Anachukua kifaa, anakipima miguu kwa mita ya umeme, ndipo anachora alama yake, na kando ya mguu wa kwanza anatia nukta ndogo. Nukta ile haikuwa na kazi yoyote kwenye programu. Nilipomuuliza ya nini, akaniambia ndiyo ya kumjulisha mtu kwamba kifaa hiki kimeshikwa kwa mkono, kimepimwa.

Nikamcheka. "Wajitesa bure, Kalume! Dunia nzima ishachora hizo."

Fundi Shee alikuwa akinywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kompyuta yenyewe hakuwahi kuigusa. "Wewe," akaniambia, "huyo aliyekuchorea huko hakujui, wala hazijui televisheni za Changamwe. Mwenzio anakufanyia kazi na wewe wamcheka. Msaidie, au mwache afanye."

Wallahi nilisikia haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Tangu hapo nikawa namsaidia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo panaponiuma. Kalume alikuwa na maradhi ya sukari, na sukari ikamwingia machoni. Alianza kwa kulalamikia taa ya dukani, kwamba imefifia. Tukabadilisha taa. Kisha akawa anasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, kila mwezi karibu zaidi. Hospitali wakamwambia hayatarudi. Unajua alichokililia? Hakulilia giza. Alililia zile alama, kwamba hazijatimia. "Nataka nimalize kabla macho hayajazimika," akaniambia, "ili fundi wa huku pwani akitafuta cha kwake akipate. Nawe uniandikie jina langu hapo chini. Jina tu, sitaki kingine."

Basi nikawa namsomea mita, yeye anachora. Baadaye hata kuchora hakuweza. Alikipapasa kifaa kwa vidole, akaniuliza mita yasemaje kila mguu, akanielekeza nitie wapi nukta. Tulimaliza hivyo. Nikaandika chini: Zimechorwa na Kalume. Tukawagawia mafundi bure, zikahama kutoka flashi hadi flashi, Likoni mpaka Bamburi.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika kwao. Mamake alinishika mkono nikiondoka, akaniuliza, "Mwanangu alikuwa akifanya kazi gani hasa, hata akayamaliza macho yake?" Vijimstari vitatu na kiduara, utamwelezaje mama aliyetoka kaburini kwa mwanawe? Nikamwambia alikuwa fundi mzuri, nikaenda zangu.

Halafu jana, ukiwa kwenye mchoro wako wa saketi, ukaniita. "Baba, njoo uone! Nimezipata alama za tayari mtandaoni, mpaka za transista za kizamani. Bure kabisa!" Nikaja, nikainama. Kando ya mguu wa kwanza, nukta. Ya pili, nukta. Ya tatu, nukta. Na chini yake jina la mtu nisiyemjua, mgeni kabisa. Nilipovua miwani nikatoka uani, ukadhani macho yananisumbua. La, mwanangu. Nilikuwa nikilia.

Sina hasira nawe. Kuchukua kilicho tayari si aibu, maisha yangekuwaje kama kila mtu angeanza upya? Lakini usikiamini kwa kuwa kimepangwa vizuri kwenye kioo. Shika kifaa chenyewe, kipime, ndipo uamini. Na kabla hujasema umekipata bure, uliza ni nani aliyekaa akakichora. Ukikuta jina, usilifute kamwe. Usipokuta, jua tu kwamba palikuwa na mtu hapo, na huenda kilimgharimu.

Chukua mchoro wako ule, uandike pale konani: Kalume wa Kisauni. Uchapishe kwenye karatasi, herufi kubwa. Mamake yu hai bado, ingawa amekonga sana, na swali lake sijalijibu hata leo. Jumamosi tutakwenda sote. Utamshika kidole umwekee juu ya ile nukta, nami nitamwambia, "Mama, kazi yake ndiyo hii. Bado yafanya kazi."

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, aitulize mikono yako, na siku ukichoka akupe mwenzio wa kukuandikia jina. Amin.