Pazia la Mama Sare

Mtu wa kwanza kumshuku Mama Sare kuwa mwizi, katika maisha yake yote, alikuwa mhudumu wa mapokezi pale zahanati. Na hakukosea sana. Alimkuta mama mtu mzima amepanda juu ya benchi la wagonjwa, kichwa amekiingiza nyuma ya pazia la dirisha, mgongo ameuachia watu wote waliokaa kungoja.

"Mama, unatafuta nini huko?"

"Natafuta linapandaje," alijibu bila kutoa kichwa.

Alikuwa amemsindikiza mumewe kufungwa kidonda. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kazi ya usiku na usingizi wa mchana tangu walipooana. Juma lile alisinzia akiwa amesimama, mkono ukagusa mlango wa tanuri, na sinia zima la mikate likaungua pamoja naye. Tajiri wake alimwambia kwa upole, upole ule unaotisha kuliko ukali, kwamba ikitokea tena atamtafutia kazi ya kukaa, pale getini. Mwokaji alijua maana yake. Mtu aliyekanda unga maisha yake yote hawekwi getini apumzike; anawekwa getini azoee njia ya kutokea.

Kosa halikuwa la mwokaji, lilikuwa la dirisha. Zamani chumba chao kilikuwa na madirisha ya mbao, mazito, yenye komeo, na ukiyafunga asubuhi jua likiwaka chumba kinageuka usiku. Mwenye nyumba akaja na mafundi wake, akayang'oa, akaweka vioo vya kusukuma na kusema nyumba sasa ina hadhi. Mbao zenyewe zikaenda kuwa kuni. Halafu ng'ambo ya barabara likasimama jengo lililovikwa vioo kutoka chini hadi juu, na jua la asubuhi likawa linapiga kule na kurudi moja kwa moja kitandani kwa mwokaji. Wazee wakijenga walilifikiria jua, wakamfikiria na jirani. Hawa wa leo wanafikiria picha.

Mama Sare alitundika shuka, mwanga ukapenya. Akatundika blanketi, likaanguka na misumari yake. Mwokaji akajifunga kitambaa machoni, joto likamwamsha. Ndipo pale zahanati, mumewe akiwa ndani kwa muuguzi, akamwona mfagiaji anavuta kamba moja ukutani, na pazia zima likapanda lenyewe, mkunjo juu ya mkunjo, kama nguo inayojikunja bila mikono. Wahenga walisema macho hayana pazia, na ya Mama Sare hayakupata kuwa nalo hata siku moja. Akapanda benchi. Huko nyuma aliona pete ndogo zimeshonewa kwa mistari na kamba zinapita ndani yake. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa kuona. Alishuka kama alivyoombwa, lakini akili yake ilibaki juu ya benchi.

Jina la Mama Sare alilipata kazini. Kibanda chake kilitazamana na shule, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtoto wa mtaa ule aliyeingia darasani bila kupita kwenye chaki yake. Kila sare aliyoshona ilikuwa na akiba. Sketi ilikuwa na pindo pana lililokunjiwa ndani, suruali ilikuwa na kitambaa cha ziada kiunoni, maana mtoto anakua na mzazi hana kiwanda cha nguo. Kila mwaka pindo liliteremshwa kidogo, na alama ya pindo la zamani ilibaki pale pale, hata ungeweza kuisoma sketi ya msichana ukajua ameivaa tangu darasa gani. Hakuna aliyeona haya. Kisha zikaja sare za kiwandani, pindo jembamba kama uzi, mtoto akirefuka nguo inatupwa, na watu wakaita hayo maendeleo. Mama Sare alifunga kibanda, akarudi nyumbani na cherehani yake na jora la kitambaa kizito, buluu iliyokolea, lililokosa watoto wa kulivaa.

Jora hilo ndilo alilotandaza sakafuni walipotoka zahanati. Mwokaji alilitazama, mkono umefungwa bandeji, akasema basi uzee wake umeishia kulala ndani ya sketi.

Dada yake mwokaji aliishi mlango wa pili, na utani ndio uliokuwa chakula chake. Alipoona wifi yake anashonea pete nyuma ya kitambaa na kupenyeza vijiti vyembamba kwenye mikunjo, alivuta kiti akakaa kutazama. Mama Sare alilitundika pazia kwenye mlango wa kabati kulijaribu. Kamba alikuwa ameifunga fundo kwenye kila pete, kama afungavyo mtu asiyetaka kitu chake kiponyoke. Akavuta. Juu kukajikunyata kama shingo ya kobe, chini kukaning'inia vilevile.

Wifi akasema la zahanati lazima lina umeme.

Mama Sare alikaa mbele ya kabati, pini mdomoni, akafungua fundo la juu, akavuta tena. Mkunjo mmoja ukapanda vizuri. Akafungua la pili, akavuta; ikapanda mikunjo miwili. Hapo akasahau hata chai yake. Alishuka hivyo hivyo, fundo kwa fundo, akivuta kila mara kuona kimebadilika nini, mpaka likabaki fundo la pete ya chini kabisa, na pazia zima likapanda kama alivyoliona kule.

"Kumbe anayefungwa ni wa chini peke yake," alisema. "Hawa wengine kazi yao ni kupisha."

Wifi akasema hajaona mahali pengine duniani ambapo walio juu wanampisha wa chini apande.

Asubuhi iliyofuata mwokaji alirudi kutoka kazini macho mekundu kama makaa. Usiku ule alikuwa amejimwagia maji kichwani mara kwa mara ili asisinzie, na tajiri alikuwa amemwona. Akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri. Wanawake wawili wakapanda viti, ubao lilikopigiliwa pazia mikononi, kuuingiza ndani ya fremu ya dirisha.

Haukuingia. Walijaribu upande huu, walijaribu ule. Mama Sare akapima dirisha upya; kipimo kilikuwa kilekile alichoandika kwa chaki. Akapima pazia. Mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ulikuwa umeongeza akiba kila upande, na hata ubao na vijiti alikuwa amevikata kwa kufuata kitambaa.

"Wifi yangu," akasema yule dada, "hili dirisha liko darasa la ngapi?"

Mama Sare alikuwa anapima tena.

"Nauliza tu. Naona umelishonea sare ya kuvaa mpaka limalize shule."

Hata mwokaji alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye mwayo, na mwayo ule ndio uliomtisha mkewe. Kulifumua na kulikata upya ni kazi ya kutwa. Jioni angerudi kwenye tanuri bila kulala. Wifi alikwisha kumwekea mkasi mkononi.

Badala ya kukata, Mama Sare aliwaambia mumewe na wifi yake walishikilie tu pazia dirishani, vyovyote vile. Kisha akalala kitandani, upande wa mumewe, kichwa kwenye mto wake. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulala pale saa ile, kwa hiyo hakuwahi kuona anachoona mwenzake. Kitambaa kilikuwa kinauzuia mwanga vizuri kabisa. Mwanga haukupita kwenye nguo. Ulipita pembeni, kila palipokuwa na upenyo, kama maji chini ya mlango, na ulikuja moja kwa moja jichoni.

"Mkasi hatuuhitaji," alisema bila kuinua kichwa kwenye mto. "Ningelikata likaenea humo ndani, lingeacha mistari miwili ya jua. Tunalipigilia nje ya fremu, ukutani."

Wakalipigilia ukutani. Plasta ikamwagika, maana plasta za mafundi wa siku hizi nazo ni za kuigiza. Akiba ikalala juu ya ukuta kila upande, na chumba kikafunga giza kama enzi za mbao. Kabla hawajamaliza kuokota misumari, mwokaji alikuwa anakoroma.

"Hebu vuta tuone," wifi akanong'ona.

Kamba ilikuwa tayari kwenye vidole vya Mama Sare. Hakuwa amepata kuliona likipanda pale dirishani, mahali pake. Akasikiliza koromo lile, akaizungusha kamba kwenye msumari, akamshika wifi yake mkono wakatoka. Mchana alirudi mara kadhaa kuchungulia, kila mara akaigusa kamba na kuiacha.

Mwokaji aliamka mwenyewe, akauliza gizani kama ni asubuhi au jioni. Mkewe akamwambia jua linazama.

"Fungua basi."

Mama Sare akavuta, taratibu. Pazia likapanda, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka mwanga mwekundu ukajaa chumbani. Mwokaji, ambaye unga ulikuwa unamngoja, hakuinuka. Alikuna kidevu kwa mkono wenye bandeji, akamwomba alishushe tena, maana hakuona vizuri linaanzia wapi kupanda.